Saa Ilisema Kadra Amechoma Kalori 1,140 Akiwa Usingizini

Saa nane mchana, jua la Garsen limekaa utosini, nilimkuta Kadra amelala fofofo kwenye mkeka wake... na ile saa ya mkononi inaendelea kumhesabia kalori!

Kalori 1,140!

Mimi nilikuwa nimetoka kutembea mpaka Minjila na kurudi. Kwa miguu. Kisigino kimepasuka, dera limenigandia mgongoni kwa jasho. Saa yangu ilisoma 720.

Yeye anakoroma. 1,140.

Jamani nyinyi mnaosoma, niambieni ukweli. Mngefanya nini?

Mimi nilitoa simu nikampiga picha. Mdomo wazi, shingo nje, mkono kifuani, na saa inaonyesha mapigo 138. Nikatoka kwa ncha za vidole vya miguu kama mwizi, kumbe kweli siku ile mwizi nilikuwa mimi.

Ngoja niwaanzie mwanzo.

Naitwa Hawo, Mama Abdia, nauza mitumba hapa Garsen. Kadra ni rafiki yangu tangu tukiwa wasichana wa kuchota maji kule Bangale. Nilipougua baada ya kujifungua, yeye ndiye aliyemnyonyesha Abdia wangu. Watoto wetu ni ndugu wa ziwa, hawawezi hata kuoana. Kwa hivyo mjue simzungumzii jirani wa salamu tu.

Tuna kikundi cha akina mama, tuko tisa. Muuguzi Hudson wa zahanati alikuja kutupima, akatikisa kichwa mpaka nikamwonea huruma. Huyu presha, huyu sukari, huyu magoti. Akasema tutembee, tupunguze uzito.

Mwenyekiti wetu Mwanaarusi anatujua vizuri.

"Bila zawadi hamtaamka nyinyi," akasema. "Siku arobaini. Atakayeshinda, nampa mtamba."

Mtamba! Ng'ombe jike ambaye bado hajazaa!

Wallahi nilikuwa wa kwanza kuandikisha jina.

Sisi ng'ombe wetu kumi na moja waliisha wote kwa ule ukame. Mmoja baada ya mwingine, mpaka mume wangu akaenda Madogo kupakia malori. Mimi, mwanamke wa Kiorma, niliyejua kukama kabla sijajua kusoma, nanunua maziwa ya pakiti dukani! Mtoto wangu wa mwisho anajua maziwa yanatoka kwenye kona iliyokatwa kwa mkasi.

Mtamba mmoja tu. Azae, tuanze tena. Sikutaka kitu kingine duniani.

Sasa, tutapimaje mshindi?

Jamal wa duka la simu akatuletea saa za mkononi, tisa, kutoka Mombasa, zile zenye taa ya kijani chini. Akatuwekea kila kitu, sisi tukavaa tu.

Hudson akasema, "Kina mama, tumieni mizani. Hiyo saa inahesabu mapigo ya moyo. Kalori inakisia tu."

Tukamcheka! Mizani inakuaibisha mbele ya watu. Saa inatetemeka mkononi, inakuonyesha nyota, inakusifu. Nani anataka mizani?

Tukapiga kura. Mwenye kalori nyingi kwenye saa ndiye atakayemchukua mtamba.

Basi nikaanza kuteseka.

Kila asubuhi kabla ya kutoka nilitafuna buna yangu, kahawa tunayokaanga na maganda yake kwa samli. Nikagundua kitu. Siku ya buna nyingi, kalori zinapanda! Jua likiwa kali, zinapanda! Nikaongeza buna. Nikaacha kutembea alfajiri, nikawa natembea saa sita mchana kama kichaa.

Saa ikisema nimechoma mia nane, nami narudi nyumbani nakula za mia nane. Si nimezichoma?

Lakini gauni langu la Idi likakataa kupita mabegani! Saa inasema nimechoma, gauni linasema nimenona. Nikaliona gauni lina wivu.

Jioni kila mtu anaandika namba zake kwenye grupu la WhatsApp. Wa mwisho siku zote ni Sidi, Mgiriama mwenye shamba kule mtoni. Mia tatu. Mia tatu na kumi.

"Sidi, jembe lako limelala?" tunamtania.

"Mi sijui, dada zangu. Nimelima tangu asubuhi."

Tunacheka mpaka machozi.

Na wa kwanza siku zote? Kadra!

Kadra ambaye hatembei zaidi ya kwenda dukani! Anakula sahani mbili, anafuata ya tatu, na bado anakonda! Mikono inamtetemeka, jasho linamtoka hata akiwa kivulini. Nikajiambia, huyu anameza vidonge vya kukondesha. Vinamchemsha damu ili saa ihesabu.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Mumewe Sadik ana ng'ombe zaidi ya ishirini! Boma limejaa! Mtamba wangu anamtakia nini?

Ndiyo siku ile nikaenda kwake kumuuliza uso kwa uso, nikamkuta amelala.

Picha nikaitupa kwenye grupu. Chini nikaandika: "Mshindi wenu akiwa mazoezini!"

Weee! Vicheko!

Haikupita saa moja. Binamu yangu wa Bangale akanitumia picha ile ile. "Hawo, huyu si Kadra wetu? Nimetumiwa kutoka Madogo." Imeshafika Madogo, imeshazunguka, imerudi.

Jioni Kadra akaja kibandani kwangu.

"Hawo, umenipiga picha nimelala?"

"Na wewe unaiba ukiwa umelala?"

"Nimeiba nini?"

"Unameza nini, Kadra? Sema tu."

"Wallahi simezi kitu. Moyo wangu unakimbia. Hata nikikaa unakimbia. Si nilikwambia juzi?"

Ni kweli aliniambia. Nilidhani anajisifu.

"Moyo unakimbia kwa sababu ya uongo," nikamjibu. "Toka mbele ya biashara yangu."

Alitoka. Alishika nguzo ya kibanda, akapumua, ndipo akaweza kupiga hatua. Nilimwona kwa macho yangu haya mawili. Nikasema, maigizo.

Mwanaarusi akamwondoa kwenye kikundi. Nikawa namba moja.

Siku ya arobaini ikawa Jumamosi. Saa nne asubuhi tuko nyumbani kwa Mwanaarusi, mtamba amefungwa langoni, mwekundu, macho makubwa. Nilishampa jina kimoyomoyo. Nilishajua nitamfunga wapi.

Hudson akafika na mizani yake, maana alitaka kutupima tena kama siku ya kwanza. Wakati anaitua, Mwanaarusi akamwonyesha simu.

"Muuguzi, hebu mwone mwizi wetu!"

Hudson akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akaivuta ile picha kwa vidole, akaikuza.

"Alikuwa amelala kweli huyu?"

"Fofofo!" nikajibu kwa fahari.

"Hakuwa ametoka kukimbia?"

"Kukimbia wapi? Anakoroma!"

"Mama Abdia... mtu amelala, mapigo mia moja thelathini na nane? Na hii shingo, mbona imevimba hapa mbele?"

Hakuna aliyekuwa ameitazama shingo. Sote tulitazama namba.

"Yuko wapi huyu mama? Twendeni sasa hivi!"

Tulipanda pikapu ya mume wa Mwanaarusi, mizani ikabaki pale pale chini. Tukamkuta Kadra ameegemea ukuta, pumzi hazitoshi, Sadik anampepea kwa kifuniko cha sufuria. Hudson akamshika mkono, akahesabu mapigo mwenyewe.

"Mia na hamsini," akasema. "Sadik, mbebe."

Hospitalini daktari alisema ni tezi ya shingoni. Inafanya kazi kupita kiasi, inausukuma moyo mchana na usiku, inamla mwili ndiyo maana anakula na anakonda. Dawa ipo. Ila wangechelewa zaidi, moyo wenyewe ungeshindwa.

Nilikaa nje kwenye benchi na Hudson. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na ile saa zaidi.

"Muuguzi, niambie. Hii takataka ilikuwa inasema kweli ama inadanganya?"

"Mapigo ilisema kweli. Kalori ndizo ilizokisia," akasema. "Saa inajua moyo unaenda mbio. Haijui kwa nini. Mgonjwa, mbio. Jua hili la kwetu, mbio. Mtu akitafuna buna..."

Akaniangalia. Nikaangalia chini.

"Ukiwa na hasira pia, Mama Abdia."

"Na Sidi? Sidi analima kutwa!"

"Sidi ameshika jembe miaka ishirini. Moyo wake umezoea, haushtuki. Saa inadhani amekaa."

Baadaye nikambana Jamal. Kumbe zile saa zinataka umri wa mtu na uzito wake ndipo zikisie. Jamal alijaza nini? Umri wake na kilo zake yeye! Kwa saa zote tisa! Siku arobaini tulikuwa wanaume tisa wa miaka ishirini na sita!

"Si ni kalori tu, mama?" akaniambia.

Nilitoka pale kabla sijamrushia kiti.

Jumatatu kikundi kikazitupa namba za saa, tukakubaliana mizani iamue, tukaipanda. Mimi nilikuwa nimeongezeka kilo mbili. Mbili! Sidi alikuwa amepungua nne. Aliacha sukari kwenye chai, akaacha bodaboda, akawa anakwenda shamba kwa miguu. Hakuna aliyemwuliza siku zote zile.

Mtamba akaenda kwa Sidi. Sitawadanganya, niliumia. Nilimwona anavutwa kamba kuelekea mtoni, nikaingia chooni kwa Mwanaarusi nikalia.

Kadra alirudi nyumbani baada ya siku tisa. Nilikwenda. Sadik aliitikia salamu yangu akiwa ametazama ukuta.

"Kadra, nisamehe."

Akaendelea kukunja nguo alizotoka nazo hospitali.

"Nilimtaka yule mtamba mpaka nikapofuka. Nikasema wewe unamtakia nini na una ng'ombe wote wale..."

"Mimi sina ng'ombe, Hawo."

"Boma limejaa!"

"La Sadik. Siwezi kufungua hata ndama nikampa mtu, mpaka yeye na ndugu zake wakae, waongee, wakatae. Unajua hivyo, wewe ni mwanamke kama mimi." Akavuta pumzi. "Mtamba niliyemshinda mwenyewe, nani angeniuliza nampeleka wapi?"

"Ulitaka kumpeleka wapi?"

Akaniangalia usoni.

"Kwani nani mwingine hapa Garsen anawapa watoto wake maziwa ya pakiti?"

Jamani.

Nilitaka ardhi inimeze.

Kadra akajifunika mtandio.

"Futa ile picha," akasema.

"Nilishaifuta, wallahi."

"Umefuta yako. Jana imenijia kutoka Madogo. Mtu hata simjui. Ameniuliza nauza usingizi shilingi ngapi."

Hajaniambia amenisamehe, na sijamwuliza tena. Napeleka dawa zake zikifika zahanati, naziweka mlangoni, naitikiwa, narudi. Ndipo tulipo.

Nyinyi mnaovaa hizi saa, sikilizeni mtu aliyeshiba kwa namba zake. Mapigo yatazame. Kalori usizile, zimekisiwa. Na ukiona namba ya mwenzako haieleweki, muulize anaumwa wapi kabla hujamuuliza ameiba nini. Mimi nilikuwa na ushahidi wa ugonjwa wake mkononi, nikaugeuza kichekesho.

Picha yangu ilifika Madogo kwa saa moja. Maneno haya ni marefu, hayana kichekesho, najua yatatembea polepole. Lakini kama unayo ile picha ya mwanamke amelala mdomo wazi na saa mkononi, huyo anaitwa Kadra, na siku ile alikuwa mgonjwa. Aliyekutumia mrudie, umwambie hivyo. Mwambie ni Hawo ndiye aliyesema.