Kistari cha Barabara ya Soko Jipya

Kila Alhamisi masomo yalipokwisha, Mwanarusi alipanga viti sita nje ya ofisi ya walimu, kisha akaenda kuchukua kishikwambi kilichokuwa kikichajiwa karibu na dirisha. Alikuwa katika gredi ya sita, na katika Chama cha Ramani cha shule yao hapakuwa na mwanafunzi aliyeandika upesi kama yeye.

Kijiji chao, Mwatsuma, kiko ndani kidogo kutoka Msambweni, upande wa kwenda Kikoneni. Hapo awali hakikuonekana kwenye ramani ya simu. Palikuwa na rangi ya kijani tu, kana kwamba hakuna watu wanaokaa huko. Mwalimu Abdulwahab, aliyewafundisha Kiswahili, ndiye aliyewaeleza kwamba kuna ramani ya mtandaoni inayotengenezwa na watu wote kwa pamoja: anayejua njia za kwao huzichora, na anayejua majina yake huyaandika. Basi wanachama wakaanza kutembea kijiji kizima na madaftari yao, wakiwauliza wazee majina ya njia.

Tatizo ni kwamba njia nyingi zilikuwa na majina mawili. Kulikuwa na jina la Kiswahili lililoandikwa kwenye kibao, na jina la Kidigo ambalo wazee walikuwa wakilitumia tangu zamani. Barabara ya Soko Jipya, kwa mfano, wazee waliiita Chisimani, kwa kuwa palikuwa na kisima hapo kabla ya soko kujengwa.

“Tutaandika yote mawili,” Mwalimu alisema, akaandika ubaoni: Soko Jipya - Chisimani. “Kiswahili kwanza, halafu nafasi, kistari, nafasi, kisha Kidigo. Kistari chenye nafasi huku na huku maana yake ni njia moja yenye majina mawili. Mkikibana hivi,” akaandika Likoni-Ukunda, “maana yake ni njia itokayo mahali hapa kwenda mahali pale. Shule zote za huku zimekubaliana hivyo, na watu wanaotumia ramani wameshazoea.”

Alhamisi moja, zamu ya kuandika ilikuwa ya Mwanarusi na rafiki yake Kadzo. Kadzo alifungua akaunti yake, akaandika majina manane polepole, akilisoma kila moja kwa sauti ya chini. Kisha akatazama jua.

“Mwanarusi, nyanya yuko peke yake na maji sijateka. Utanimalizia?”

“Nenda tu. Mimi hapa sitachukua hata saa nzima.”

Yalibaki majina thelathini na mawili. Kioo cha kishikwambi kilikuwa na ufa upande wa chini, pale pale penye kitufe cha nafasi, na kitufe hicho hakikukubali mpaka kibonyezwe mara tatu au nne. Nyumbani, dadake mkubwa alikuwa akiandaliwa kwa harusi, na fundi wa hina alikuwa amesema ataondoka saa kumi na moja. Mwanarusi alikuwa ameahidiwa kupakwa mikono yote miwili. Alipofika jina la tano, alianza kuona kistari hicho kinamchelewesha makusudi. Akairuka nafasi ya kwanza, kisha akairuka na ya pili. Majina yakaanza kwenda mbio.

“Kistari ni kistari,” alijiambia.

Mwalimu Abdulwahab alitoka ofisini akiwa na funguo mkononi. “Umemaliza? Umeyapitia yote, na nafasi zake?”

“Ndiyo, Mwalimu. Yote.”

Mwalimu alimwamini. Alibonyeza kitufe cha kutuma bila kutazama, akamshukuru, na Mwanarusi akakimbia nyumbani. Aliwahi hina.

Wiki tatu zikapita. Siku ya Jumanne madaktari wa macho walikuwa waje Mwatsuma kuwapima wazee. Kadzo aliomba ruhusa ya kukosa shule siku hiyo, akamshika mkono nyanyake, Nyanya Mbeyu, wakaenda kukaa kwenye baraza ya msikiti ulio kando ya Barabara ya Soko Jipya. Macho ya Nyanya Mbeyu yalikuwa na mtoto wa jicho, na mwaka huo hata Kadzo alikuwa akimtambua kwa sauti tu.

Mwanarusi alipita hapo saa tisa na nusu akitoka shuleni. Wazee kumi na tisa bado walikuwa wamekaa. Wengine walikuwa wamelala wameegemea ukuta. Chupa za maji zilikuwa tupu.

“Gari halijafika?” akauliza.

“Bado,” Kadzo akasema. “Tupo tangu saa mbili.”

“Asubuhi nilisikia gari likipita,” Nyanya Mbeyu alisema. “Nikamwambia Kadzo, ndilo hilo. Lakini halikusimama.”

Magharibi ilipokaribia, mtu mmoja wa bodaboda alileta habari. Madaktari walikuwa wamekwenda Chisimani nyingine, kijiji cha ng'ambo ya bonde, ambako simu hazishiki. Huko nako kuna msikiti. Walishinda huko wakiwapima watu waliowakuta, kisha wakarudi zao. Duru nyingine ingekuwa baada ya miezi minne.

Alhamisi iliyofuata, Mwalimu Abdulwahab alikaa na wanachama akiwa hana uso wake wa kawaida.

“Nimezungumza na dereva wa madaktari,” akasema. “Wazee walimwambia aje Chisimani, msikitini. Akafungua ramani, akaona Soko Jipya-Chisimani, kistari kimebanwa. Akaelewa kwamba ni njia ya kumfikisha Chisimani, akaifuata mpaka mwisho. Amepita mbele ya wazee wetu, wao wanamwangalia.” Akafungua kishikwambi. “Nimeyatazama majina yetu. Mengi yameandikwa hivyo. Ramani huonyesha kila neno limetoka kwenye akaunti ya nani. Sikumbuki ni nani aliyekuwa na zamu siku ile, lakini haya yametoka kwenye akaunti yako, Kadzo.”

Kadzo alisimama. Kisha akasema, “Mwalimu, siku ile nilikuwa na haraka. Labda… labda nilikosea.”

Mwanarusi aliyaangalia magoti yake. Alingoja Kadzo amgeukie na kusema, “Lakini ni wewe uliyemalizia.” Kadzo hakusema. Kadzo alidhani makosa yalikuwa katika majina aliyoyaandika yeye, kwa kuwa siku zote alimsifia Mwanarusi kwa kuandika vizuri.

“Sikugombezi,” Mwalimu akasema. “Lakini kwa sasa utaacha kuandika.”

Kadzo hakurudi tena chamani. Darasani alikaa dirishani, na wenzake wawili wakaanza kumwita “Kistari”. Mwanarusi alisikia, akajifanya anatafuta kalamu. Kila usiku alijiambia kwamba kesho atasema, na kila asubuhi aliona kwamba sasa amechelewa mno. Angesema siku ile ile lingekuwa kosa la nafasi tu. Sasa kulikuwa na uongo, na kulikuwa na Kadzo.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, alasiri, mamake alimpa bakuli la viazi vya rojo. “Mpelekee Nyanya Mbeyu. Nasikia hajisikii vizuri.”

“Mama, si umtume mtu mwingine?”

“Na wewe una nini?”

Mwanarusi akachukua bakuli.

“Hodi. Shikamoo, Nyanya.”

“Marahaba, mwanangu. Ni Mwanarusi huyo? Karibu, ukae.” Nyanya Mbeyu alipapasa mkeka akitafuta birika, akalipata, akammiminia mgeni wake chai. Kikombe kilikuwa kimeinama. Chai ilimwagika mkekani, naye akaendelea kumimina, akingoja sauti ya kikombe kujaa.

Kadzo alikuja mbio na kitambaa. Hakumtazama Mwanarusi.

“Mwambie mwenzako aache kulia,” Nyanya akasema kwa upole. “Tangu siku ile hali vizuri. Anasema ni yeye aliyeninyima macho. Namwambia miezi minne si mingi, hanisikii. Wewe ni rafiki yake, atakusikia.”

Mwanarusi aliweka bakuli chini, akatoka bila kuaga.

Mamake alimkuta nyuma ya jiko akilia. Alimsikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza. Mwanarusi alitarajia apigwe au akumbatiwe, na hakupata hata kimoja.

“Nawa uso,” mama akasema. “Halafu urudi kule kule ulikotoka.”

“Twende pamoja, mama. Unisemee.”

“Uongo uliusema mwenyewe. Na ukweli utausema mwenyewe.”

Jua lilikuwa bado juu alipofika tena uani kwa Nyanya Mbeyu. Kadzo alikuwa akifagia. Mwanarusi alisimama mbele ya ufagio.

“Ni mimi,” akasema. “Yale majina ya kistari kilichobanwa niliyaandika mimi baada ya wewe kuondoka. Niliziruka nafasi kwa sababu nilitaka kuwahi hina. Mwalimu aliniuliza nikamdanganya. Na wewe walipokulaumu, nikanyamaza.”

Kadzo aliuacha ufagio uanguke. “Ulinisikia wakiniita Kistari?”

“Nilisikia.”

“Na hukusema kitu.”

“Sikusema.”

Kadzo aliingia ndani. Nyanya Mbeyu, aliyekuwa amekaa kizingitini, alikuwa amesikia yote. Akamwuliza Mwanarusi, “Mwalimu naye anajua?”

“Bado, Nyanya.”

“Basi kazi yako hujaimaliza.”

Jumatatu, Mwanarusi alimweleza Mwalimu Abdulwahab, kisha akaomba mwenyewe, akarudia mbele ya wanachama wote, Kadzo naye akiwa ameitwa, na wale wawili wa “Kistari” wakisikia. Mwalimu alimwambia Kadzo mbele ya wote, “Nisamehe. Nilitazama akaunti, sikukuuliza vya kutosha. Na siku ile nilituma bila kusoma.” Kisha akampa Mwanarusi kishikwambi. Alikaa nacho mpaka kengele ya jioni, akirekebisha jina moja baada ya jingine, akikibonyeza kile kitufe kibovu mara tatu, mara nne, mara tano. Alipofika Soko Jipya - Chisimani, alilisoma kwa sauti.

Siku hiyo hiyo Mwalimu alimpigia simu daktari wa macho, akampa Mwanarusi azungumze. Mwanarusi alieleza jinsi wazee kumi na tisa walivyokaa barazani kutwa nzima kwa kosa lake. Daktari akasema kwamba Jumatano wangekuwa na kazi Kikoneni, na kwamba wangeanza safari mapema wapitie Mwatsuma kwanza.

Saa mbili kasoro robo siku ya Jumatano, gari jeupe lilisimama mbele ya msikiti. Wazee waliokuja walikuwa kumi na saba, kwa sababu wawili walikuwa wamekata tamaa na kusafiri. Nyanya Mbeyu alipimwa wa tatu. Aliandikiwa kwenda kufanyiwa upasuaji mwezi uliofuata, jicho la kulia kwanza.

Mwanarusi alikuwa akiwagawia wazee maji. Alipofika kwake alipiga magoti. “Nyanya, naomba unisamehe.”

“Nimekusamehe,” Nyanya Mbeyu akasema, akautafuta mkono wake mpaka akaupata. “Lakini nisikilize vizuri, na wewe Kadzo usogee usikie. Hakuna mtu asiyekosea katika kuandika. Kosa la kistari lingerekebishwa kwa dakika chache. Ulipomwambia mwalimu umeyapitia na hukuyapitia, ndipo wazee hawa wakakaa kutwa nzima kwa bure. Na uliponyamaza mwenzako akilaumiwa, ulimwumiza mtu aliyekuamini. Kazi ya watu wengi inasimama kwa kuaminiana. Ukikosea, sema siku ile ile, kosa likiwa bado dogo.”

“Nimesikia, Nyanya.”

Kadzo alikuwa bado amenuna. Alichukua nusu ya vikombe kutoka mikononi mwa Mwanarusi, akaanza kuwagawia wazee wa upande wa pili wa baraza.