Tonge la Tatu

Mama mdogo Yeshi alikuwa msahihishaji katika kiwanda kidogo cha uchapaji mjini Addis Ababa. Kila mwaka, mvua kubwa zikishakwisha, wafanyakazi wote walipelekwa Bishoftu kwa siku tatu, kwenye hoteli ya kando ya ziwa, wapumzike na wazoeane. Mwaka huo waliondoka siku ya Jumatano, saa mbili asubuhi. Wajomba zangu hupenda kusema ilikuwa Alhamisi. Wanakosea, na siku yenyewe ina maana yake. Kwa Wakristo wa kwetu Jumatano ni siku ya kufunga: mezani hapaonekani nyama, yai wala samli.

Ndani ya basi Fikadu, fundi wa mitambo, alitania watu njia nzima.

"Dada Yeshi, mbona umekaa kama unapelekwa kortini?"

"Niache, Fikadu. Sikulala vizuri."

"Utalala huko huko. Wana mito laini, ukiweka kichwa unasahau hata jina la mumeo."

Yeshi alicheka na wenzake. Lakini hakutaka kwenda. Hoteli ilikuwa ile ile, na meza ile ile.

Mwaka uliotangulia, kwenye chakula cha mwisho cha safari yao, Zenebech, aliyekuwa akijalidi vitabu, alimega injera, ule mkate mpana na laini, akafungia ndani yake mchuzi wa kuku na kipande cha yai, akamnyooshea Yeshi tonge mdomoni. Tonge la namna hiyo, gursha, ni heshima. Halikataliwi. Yeshi alifunga mdomo, akageuza uso. Mkono ukabaki hewani, na wote mezani wakauona unavyotetemeka.

"Mimi sili mkononi mwa mtoto wa mhunzi," akasema.

Kwao iliaminiwa kwamba wahunzi wana jicho baya, kwamba humla mtu kwa kumtazama tu. Yeshi mwenyewe hakuwa na hakika kama anaamini. Ila bintiye alikuwa na homa wiki ile, na Zenebech alikuwa amemsifia mashavu. Ikatosha.

Tangu hapo hakuna aliyekubali kula sinia moja na Zenebech. Akawa anakula peke yake nyuma ya mashine ya kukatia karatasi. Baadaye akaacha kabisa kuja na chakula. Mvua zilipokuwa katikati, majirani walivunja mlango wake. Daktari alisema ni moyo. Waliobeba jeneza walisema lilikuwa jepesi kama la mtoto.

Basi, Jumatano hiyo mchana walikuwa saba mezani, ziwa likimeta chini yao. Heran, binti aliyeletwa kuongoza michezo, alishika kitambaa cheusi.

"Mchezo ni rahisi, jamani. Mmoja anafungwa macho, mwenzake anamlisha. Akiutambua mkono, ameshinda. Mtu umefanya naye kazi miaka, huujui hata mkono wake?"

"Mkono wa Fikadu utajulikana kwa grisi," mtu akasema.

Yeshi akachaguliwa wa kwanza. Kitambaa kikafungwa. Akafungua mdomo, tonge likaingia.

Lilikuwa kubwa na laini. Lilikuwa na samli. Lilikuwa na kuku. Katikati, kipande cha yai. Ncha ya kidole iliyomgusa mdomo wa chini ilikuwa imekwaruzika, kama iliyochomwa sindano miaka mingi, na ilinuka gundi iliyochacha.

Alimeza kabla hajafikiri.

"Nani huyu mwenye dhambi? Ametia kuku siku ya kufunga!"

Kikazuka kicheko.

"Kuku gani, dada?" Fikadu alisema kutoka mbali, upande wa pili wa meza. "Hatujakulisha bado. Tunabishana nani aanze."

Yeshi akavua kitambaa. Mezani palikuwa na dengu, shiro, yaani uji mzito wa unga wa njegere, na kabichi. Sinia halijaguswa.

Alisema kichwa kinamuuma. Mchana kutwa aliketi barazani, ladha ya samli haimtoki. Alikumbuka maneno ya bibi yake: gursha ya kwanza huchokoza, ya pili hugombanisha, ya tatu hufanya ndugu.

Alhamisi hakucheza. Alijikalia pembeni na wenzake wakamwacha. Chakula kilipofika, kikiwa bado kimefunikwa, Bwana Tilahun, mkubwa wao, alisimama kuomba. Yeshi akafumba macho kwa mazoea.

Waliposema "amina," kinywa chake kilikuwa kimejaa.

Alikimbilia ukingoni, juu ya maji, akajaribu kutema. Hapakutoka kitu. Fikadu alimfuata na leso.

"Una samli kidevuni," akasema. "Umekula nini, nasi hatujafunua chakula?"

"Fikadu. Mikono ya Zenebech ilinuka nini?"

Tabasamu likamtoka. "Gundi. Kwa nini?"

"Nimeshakula mara mbili."

Fikadu alitazama nyuma, kisha akamsogelea sikioni.

"Basi kesho usifumbe macho. Usithubutu. Ukila la tatu umekuwa nduguye, na ndugu wa marehemu mahali pake ni kwa marehemu. Una mtoto nyumbani, Yeshi."

Alikesha na hofu hiyo, akashinda nayo mpaka mchana wa Ijumaa. Wakati wa sala aliyakodoa macho hadi yakamtoka machozi. Hakuna kilichomgusa. Akaanza kupumua. Baada ya chakula wangepanda basi, na jioni angekuwa na bintiye.

Heran akainuka na kitambaa.

"Duru ya mwisho! Dada Yeshi hajamaliza zamu yake."

"Mimi sichezi, mwanangu. Mpe mwingine."

"Yeshi," alisema Bwana Tilahun polepole, bila kumtazama. "Mwaka jana ulituharibia meza hii. Kaa."

Wengine wakatazama meza. Hata Fikadu aliinamisha kichwa, maana siku ile naye alikuwepo, naye baada ya siku ile alihamisha kiti chake mbali na Zenebech.

Yeshi akakaa.

Giza. Akakaza meno. Akaliita jina la mwanawe moyoni. Ndege wa ziwani wakanyamaza. Kiti cha jirani yake kikasogezwa, taratibu. Harufu ya gundi ikaja.

Tonge likamgusa midomo, likasimama hapo. Halikusukuma. Lilingoja.

Alihitaji kugeuza uso tu. Alijua namna ya kufanya. Alishafanya.

Ndipo akahisi mkono unatetemeka. Ule ule mtetemo. Akaelewa kwamba aliye mbele yake anaogopa kuliko yeye.

"Zene," alinong'ona. "Nisamehe."

Akafungua mdomo.

Safari hii halikuwa na kuku. Halikuwa na samli. Ilikuwa shiro tupu, ya baridi, chakula kilichokaa kutwa kikimngoja mlaji wa pili. Alitafuna. Akameza lote.

Alipovua kitambaa hakuna aliyecheka. Mikono yote ilikuwa magotini.

"Nani amenilisha?" aliuliza.

Heran alikuwa analia, wala hakuweza kusema kwa nini. Bwana Tilahun alianza sala upya, akasahau maneno katikati.

Walirudi Addis bila mzaha wa mtu. Yeshi alimkuta bintiye mlangoni, mzima. Hakufa mwaka ule, wala uliofuata. Sasa ana wajukuu na miguu yenye nguvu. Lakini tangu Ijumaa ile hali chakula na watu. Hata siku za arusi hupelekewa sinia lake chumbani, injera nzima, na mlango hufungwa kwa ndani. Ukimbembeleza atoke, hujibu kwa upole, "Nina mtu." Chumbani mle kuna kigoda kimoja tu.

Mimi ndiye ninayepokea sinia hilo na kuliosha, tangu nilipokuwa na miaka kumi na minne. Upande anaokaa yeye, injera imemegwa kwa matonge makubwa, ya mtu aliyezoea kula. Upande unaomkabili nao umemegwa, kila siku bila kukosa, kwa vipande vidogo vidogo, vya mtu mwenye haya.