Gunia la Kusimamia

Kila asubuhi saa mbili, Wachuka alifungua chumba chake cha kusagia mahindi pale Kabazi. Kwanza alifagia vumbi la jana. Kisha alitandika gunia kavu sakafuni, mbele ya mashine. Hapo ndipo alipowasha mota.

Gunia lilikuwa na sababu. Mtu aliyegusa mashine akiwa amesimama kwenye simiti alisikia stima ikimchoma vidole. Akisimama kwenye gunia, hakusikia kitu. Wateja wote walijua hivyo. Kihara, mume wa Wachuka, aliwaambia kwamba mashine haina ubaya, ni vile tu inapiga kidogo.

Mvua za Machi zilipoanza, jirani yao Njoki alileta debe moja la mahindi. Alikuwa amelowa, na viatu vyake vilijaa matope. Hakutaka kuchafua gunia, kwa hiyo alisimama kando yake. Alishika mdomo wa mashine ili amwage mahindi.

Mkono wake ulinata hapo hapo. Mwili ulitetemeka na sauti haikutoka.

Kihara aliruka ili amvute.

"Usimguse!" Wachuka alimwambia. Alikimbilia swichi kubwa ya ukutani, akaizima. Njoki aliachia mashine, akaanguka juu ya magunia ya pumba.

"Sasa Njoki, si ungesimama kwa gunia?" Kihara aliuliza.

Njoki alivuta pumzi kwanza. "Kihara, mimi nimekuja kusaga mahindi. Sijakuja kusagwa."

Walimpeleka zahanati. Daktari alimpima moyo, akasema uko sawa. Vidole viwili tu vilikuwa vimeungua.

Jioni hiyo wateja walikuwa bado wanangoja, na Kihara alitaka kuwasha mashine. Wachuka alisimama mbele ya swichi.

"Baba Abby, mimi ndiye hushika hiyo mashine siku nzima," alimwambia mumewe. "Mvua ndiyo imeanza. Siwashi mpaka fundi aione."

Kesho yake alikuja Chepchumba, fundi wa stima mwenye leseni kutoka Subukia. Alipima stima kwenye mwili wa mashine, akawaonyesha kipimo: volti tisini. Mashine iliyo sawa, alisema, ingeonyesha sufuri.

Alizima swichi kubwa, akaifunga kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni, ili mtu asiwashe yeye akiwa bado kazini. Kisha alifungua kisanduku cha waya kwenye mota. Mtikisiko ulikuwa umekwangua ngozi ya waya mmoja, na vumbi la unga lenye unyevu lilikuwa limejaa ndani. Stima ilivuja kupitia hapo hadi kwenye chuma.

Kihara alimwambia kuwa gunia lilikuwa likiwasaidia.

"Gunia halikuzuia stima kuvuja," Chepchumba alijibu. "Liliwafanya msiisikie. Likilowa, ni kama halipo."

Alieleza kwamba kila mashine ina waya wa kijani na manjano. Waya huo huenda kwenye chuma kirefu kilichopigwa ardhini, na huipa stima inayovuja njia nyingine isiyo mwili wa mtu. Alizunguka nyuma ya nyumba kutafuta chuma hicho. Alikikuta kimelala upande, waya wake umekatika. Kilikuwa na kipande cha kamba.

"Nani alifunga mbuzi hapa?"

Kihara alitazama kamba, kisha akatazama mlima. "Huyo mbuzi tulimla Krismasi."

"Na gunia mlianza kulitandika lini?"

"Novemba," Wachuka alisema. "Basi mbuzi alikuwa ameshang'oa chuma," Chepchumba alisema.

Chepchumba alibadilisha waya mbovu, akasafisha kisanduku na kukiziba vumbi lisiingie. Alipiga chuma kipya ardhini na kukizungushia uzio. Mwisho alifunga swichi ya usalama, ile inayokata stima yenyewe mara tu inapoanza kuvuja. Alimwonyesha Wachuka kitufe cha kuijaribu, abonyeze mara moja kila mwezi. Alimsifu pia kwa kuzima swichi kabla ya kumgusa Njoki. Kihara angemshika, alisema, wangenaswa wawili.

Kipimo sasa kilionyesha sufuri.

Njoki alikaa wiki tatu bila kurudi. Aliporudi, alitaka kwanza kuona kitufe kikibonyezwa. Stima ilikatika, akaridhika.

Mwezi wa Mei, mvua kubwa ilitoboa paa. Maji yalidondoka kwenye waya wa mota wakati Njoki ameshika mdomo wa mashine kwa mikono yote miwili. Mashine ilizimika ghafla. Wateja walinung'unika. Kihara alinyoosha mkono ili arudishe swichi, kisha akaushusha.

"Wacha nimpigie Chepchumba," alisema.

Wachuka alimuuliza Njoki kama ameumia.

"Sijasikia kitu," Njoki alisema. Alitazama sakafu kuzunguka miguu yake. "Kwani lile gunia lenu liko wapi?"

"Liko jikoni," Wachuka alisema. "Limejaa magunzi."