Folda Isiyosafishwa

Foleni ya chakula ilikuwa ndefu katika mgahawa wa ofisi mjini Pune. Ketaki, aliyevaa kurta, kanzu fupi ya rangi ya zafarani, alisimama nyuma ya kijana aliyekodolea macho kompyuta aliyoipakata.

"Kaka, sogea basi! Huyo mchumba wako wa chuma hali chakula."

"Samahani, dada. Programu yangu ya majaribio hufungua tovuti ya mnajimu, hujaza tarehe za kuzaliwa, kisha hupakua ripoti ya nyota za wachumba. Leo imeniletea ya jana."

Ketaki alichungulia. "Hujasafisha folda. Faili jipya likikuta jina limeshachukuliwa, huongezewa namba; programu yako inafungua lile la zamani. Angalia usije ukaoa mke wa jana!"

Yule kijana, Mayuresh, alicheka hadi chai ikamwagika. Aliahidi kuandika amri ya kusafisha folda. Hakuiandika.

Mvua zilipoanza, walikuwa wakitembea chini ya mwavuli mmoja. Baba yake Ketaki, mwalimu mstaafu asiyerudi nyuma katika neno lake, alitaka jambo moja tu: ripoti ya nyota zao, yenye alama zisizopungua kumi na nane kati ya thelathini na sita.

"Inakwenda yenyewe, kipenzi," Mayuresh alisema kwenye simu. "Sibofyi hata mara moja."

"Maringo hayo! Tuma, Baba keshavaa miwani."

Alama zilikuwa nane. Baba alivua miwani. Mayuresh, kwa fedheha, hakuifungua ripoti wala hakupokea simu tena. Mwezi uliofuata, Ketaki alivishwa pete ya mwingine, na sukari ya uchumba ikagawiwa.

Ndipo, akipanga karatasi za baba yake, akaisoma ripoti ile. Alimpigia Mayuresh, na safari hii alipokea.

"Mimi nilizaliwa lini?"

"Novemba."

"Hapa pameandikwa Februari."

Mayuresh aliifungua folda. "Hizo ni tarehe za majaribio," alinong'ona. "Yetu iko pembeni yake, ina namba kwenye jina. Alama ni thelathini na mbili. Ketaki, mwambie Baba!"

"Nimeshamwambia, akalia. Lakini neno amelitoa."

"Na wewe je?"

"Nilikupigia wiki nzima, Mayuresh. Wakati ule ningemkatalia Baba. Sasa nimekwisha kuitikia mbele ya watu."

Amri ile hatimaye ameiandika: programu huifuta folda yote kabla ya kuanza kazi. Na kila asubuhi, kabla ya kuiwasha, Mayuresh hulihamisha kwanza faili moja, lile lenye namba kwenye jina; jioni hulirudisha.