Kiti cha Tatu

Boti ilikuwa imezama kidole kimoja zaidi. Aliyeona hivyo kwanza ni mpima kina, kwa kuwa alikaa ubavuni, karibu na mstari mwekundu uliochorwa kuonyesha uzito wa watu watatu na mizigo yao. Mstari ulikuwa chini ya maji. Aliutazama, kisha akatazama pengine. Tangu amzike mumewe, miezi saba sasa, mambo yalimpita hivyo, kama redio ya jirani. Hata kulia hakuwa amelia.

Walikuwa watatu: yeye, fundi wa injini, na nahodha, kaka wa marehemu. Kazi yao ilikuwa kuchora ramani ya vijito vya msitu ule ulioshuka hadi baharini, mnene kiasi kwamba saa sita mchana waliwasha taa. Nahodha alikuwa na sheria yake. Kila walipopanda boti kutoka nchi kavu alisema, "Hesabu," na kila mtu akataja nambari ya kiti chake. Fundi alimtania kwamba hata angekuwa peke yake angejihesabu. Nahodha moja, fundi mbili. Tatu alikuwa mumewe, na nne yeye. Safari hii alikumbushwa mara nyingi kwamba sasa yeye ndiye tatu.

Lakini mazoea yana tabu. Muda mfupi kabla, wakirudi kutoka kupima ukingo, nahodha alisema moja, fundi akasema mbili, naye, mawazo yakiwa kwa binti yake aliyemwacha kwa bibi, akasema nne.

Wadudu walinyamaza. Boti ikashuka polepole, vile inavyoshuka mtu anapopanda, na kutoka kwenye ubao mtupu mbele yake ikaja harufu ya pipi za mnanaa, zile alizomung'unya mumewe kutwa nzima.

Injini ilianza kukoroma. Nahodha akaizima, akanong'ona bila kugeuka.

"Shemeji, umeacha kiti wazi. Kimekaliwa."

Fundi aliuliza kimekaliwa na nani. Nahodha akamwambia hilo jini asitake kulijua jina.

"Tunahesabu upya. Zamu yako ikifika, shemeji, sema tatu, tena upesi, kabla halijakutangulia. Una mtoto nyumbani."

Alielewa. Ni neno moja tu, aliseme, arudi kwa mwanawe. Nahodha akasema moja. Fundi akasema mbili, na yeye akafungua kinywa, ila harufu ile ya mnanaa ilikuwa imemkaribia hadi usoni, akafikiri kwamba akisubiri pumzi moja tu, moja, pengine kilichokaa pale kingejibu kwa sauti ya mumewe, naye angeisikia tena, na pengine kitu ndani yake kingeamka, basi akasubiri.

"Tatu," ikasema sauti.

Haikuwa ya mumewe. Ilikuwa yake yeye.

Boti ikainuka. Mstari mwekundu ukatokea juu ya maji, ukichuruzika.

"Haya," nahodha akashusha pumzi. "Limeshuka."

Mpima kina alitaka kumwambia kwamba si yeye aliyesema. Ulimi haukusogea. Alitazama mikono yake magotini, akaona hakuna uzito wowote unaobonyeza pale ilipolala, akaona pia kwamba mbele yake, kwenye ubao uliokuwa mtupu, amekaa mwanamke mwenye koti lake yeye la mvua, amejiinamia, analia. Analia kwa kwikwi, kilio chote cha miezi saba, na shemeji yake amemshika bega akimwambia lia, mama, lia, utapona.

Gatini bibi alikuwa akingoja na mtoto. Mwenye koti alishuka wa kwanza. Binti akamkimbilia, akamrukia shingoni, akasema, "Mama unanukia pipi za baba."

Ndipo moyo ukamuuma yule aliyebaki kwenye boti. Ulimuuma kweli, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akainuka kumfuata mwanawe, lakini hakuna alichoweza kukanyaga.

"Nne," akaita. "Shemeji, nne."

Nahodha alisimama kidogo, kamba mkononi, akaitazama boti tupu. Kisha akavuta turubai juu yake, kama kila jioni, akaifunga.