Moyo wa Gathii Wapata Kiongozi

"Wageni wako kwa geti!" Mukami alipaza sauti. "Baba Wamboi, kaa hapo hapo. Ukianguka mbele ya wakwe, nitajificha wapi?"

Alimfunika mumewe, Gathii, miguu kwa shuka. Ilikuwa imevimba kama mihogo. Moyo wa Gathii ulikuwa dhaifu, haukusukuma damu vizuri. Alimeza dawa zote bila kuruka. Bado alihema akifika mlangoni, na usiku alilala ameketi. Daktari alishauri awekewe mashine ya moyo. Gathii alikataa. "Mimi si redio niwekewe betri!"

Leo watu wa Bungoma walikuja kijijini kwa Gathii, Matisi, kupanga harusi ya binti yake, Wamboi. Mzee Nyongesa, baba ya bwana harusi, alinyoosha mkono. Gathii hakusimama.

"Ati mkwe, umetukataa?" Nyongesa aliuliza.

Mukami alivuta shuka. "Hajakataa! Ni moyo. Mimi ndiye nilikuwa namficha."

Nyongesa aliitazama ile miguu, akafungua shati. Chini ya mfupa wa bega la kushoto, ngozi ilikuwa imeinuka kidogo.

"Hapa ndipo mashine yangu iko. Hata mimi nilikuwa nalala nimeketi, bana."

"Haiumi?" Gathii aliuliza.

"Kidonda kiliuma, kikapona. Sikia, mkwe. Moyo una pande mbili, kama ng'ombe wawili wa plau. Wangu hawakuenda pamoja. Mmoja anavuta, mwingine anachelewa. Mashine ndiyo inawaambia: haya, twende!"

"Kwa hivyo dawa naacha?"

"Ng'ombe asipokula atalima? Dawa unameza, kliniki unaenda. Na si kila mgonjwa anafaa kuwekewa mashine. Daktari anapima moyo kwanza."

Gathii aliwaza. "Mama Wamboi, pigia daktari simu."

"Napiga sasa hivi, kabla hujageuza nia!"

Daktari alimpima, akaona mashine itamfaa. Akawekewa. Polepole uvimbe wa miguu ulipungua. Gathii akaanza kutembea hadi shambani, akirudi anapiga mluzi.

Siku ya harusi Bungoma, ngoma za isukuti zililia. Gathii alicheza mpaka kofia ikaanguka. Nyongesa alikuwa ameketi, amechoka.

"Ati mkwe, umetukataa?" Gathii alimwita. "Simama tucheze!"

Mukami alipiga vigelegele, kisha akakumbuka.

"Wewe! Toa simu kwa mfuko wa kifua! Daktari alisema nini? Ikae mbali na mashine!"

Gathii alimrushia simu, akaendelea kucheza.