Maisha ya Ziada ya Mtoto wa Oduor

Oduor alibonyeza kitufe cha kusimamisha gemu ili apige miayo, na mtoto wake aliyekuwa akilia chumba cha nyuma akanyamaza. Hakunyamaza kama watoto wanavyonyamaza, kwa kwikwi na kushusha pumzi. Sauti ilikatwa katikati. Oduor akamaliza miayo yake, akabonyeza tena, na kilio kikaendelea palepale kilipokatiwa.

Mtu mwenye akili zake angeibeba ile mashine akaitupe kwenye mtaro wa Nakivubo, halafu akanawe mikono. Oduor alitabasamu. Akasimamisha tena: kimya. Akaachia: kilio. Basi mjinga yule akajiona fundi.

Kwa asiyemjua, Oduor alikuwa Mkenya mwenye kibanda cha michezo ya vidiyo hapo mtaa wa Katwe, katikati ya watu wanaotengeneza mageti na majiko. Wenzake walitoka jasho tangu asubuhi. Yeye alishinda kwenye kiti cha plastiki, kitambi kimelalia mapaja, padi ya vitufe mkononi, akitafuta siri. Mashine zake zilikuwa za zamani, zile za kuchomeka kaseti, na aliwaambia wateja kwa sauti ya mhubiri kwamba waliozitengeneza walificha mambo humo ndani. Simamisha gemu, bonyeza juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, ufuate mpangilio mpaka mwisho, na askari wako anaongezewa maisha. Akifa, anaamka. Hiyo ndiyo elimu aliyotoka nayo Kisumu, na kwa elimu hiyo akajiita Profesa. Celestine, mkewe, aliuza mashuka soko la Owino mpaka wiki ya kujifungua, na ndiye aliyeilisha nyumba. Profesa alikula na kusifia chumvi.

Mashine hii ya kunyamazisha mtoto aliipata Owino kwenye rundo la vitu vilivyotumika. Padi yake ilikuwa na joto, kana kwamba mtu ametoka tu kuishika. Hilo pia halikumshtua.

Wa kwanza kuonyeshwa maajabu alikuwa Guerschom, Mkongomani aliyechomelea vyuma kibanda cha pili. Oduor alibonyeza, kilio kikakatika, naye akainua nyusi akingoja sifa. Guerschom alivua miwani yake ya kazi.

"Oduor, ile si muchezo. Tupa ile kintu, ndugu yangu. Leo."

"Mwanaume mzima unaogopa plastiki?"

"Niko naogopa, ndiyo. Bibi yako anajua?"

"Celestine ataelewa nini mambo ya mashine?"

Guerschom akafanya ishara ya msalaba, akarudi kwenye vyuma vyake.

Mtoto alikuwa bado hana jina. Kwa Wajaluo, kichanga kikilia bila kukoma, na hakina njaa wala homa, basi yuko marehemu wa ukoo anayetaka kuitwa. Mtu mzima huketi akayataja majina ya waliokufa, moja moja, na jina litakalomnyamazisha mtoto ndilo lake, na mwenye jina ndiye mlinzi wake. Hapo hakuna mtu anayechagua. Mtoto na marehemu wanamalizana wenyewe. Kwa kazi hiyo akaletwa Shangazi Perpetua, dada wa marehemu baba yake Oduor, kwa basi kutoka Ahero.

Sasa Oduor alikuwa na tamaa yake. Alitaka jina la Ondiek, baba yake, mzee ambaye nyumbani kwao akipita watu walisimama. Alijua kabisa kwamba akipita yeye hakuna anayesimama. Akafikiri kuwa na Ondiek ndani ya nyumba kutampa heshima kidogo ya bure, maana vya bure ndivyo alivyovizoea.

Shangazi alimweka mtoto mapajani, akaanza na jina hilohilo. "Ondiek." Mtoto akapiga kelele. Akataja mengine, ya wajomba, ya mabibi, ya pacha waliokufa zamani, na mtoto akalia tu. Oduor akaona aibu mpaka masikio yakamwaka. Baba yake mwenyewe kaitwa, kakataa kuingia kwake! Akasema anaenda kufunga kibanda. Akakaa mbele ya mashine, akaishika padi, akaita kupitia pazia, "Shangazi, hebu rudia la baba!"

"Ondiek," Shangazi akasema.

Oduor akabonyeza.

Kimya. Kule nyuma Shangazi akapiga vigelegele, Celestine akalia kwa furaha. Ndipo yule bwana akawaza kwamba akiachia gemu iendelee mtoto ataanza tena na jina litaharibika, kwa hiyo, gemu ikiwa imesimama, akaingiza msimbo wake wote wa Kisumu, juu, juu, chini, chini, mpaka mwisho. Mashine ikalia kengele ndogo, ile ya kuongezewa maisha. Akaachia. Mtoto hakulia.

Hakulia siku ile wala zilizofuata. Shangazi alisema atakaa kwanza amwangalie, maana jina huthibitishwa mtoto akishatulia, ndipo likabidhiwe moja kwa moja. Na mtoto alitulia mno. Hakulia kwa njaa, hakulia kwa mkojo, alilala macho wazi akifuata watu chumbani, na utosi wake, ambao ungepaswa kunukia maziwa, ulinuka waya ulioungua. Chini ya blanketi kukawa na mlio mdogo, tik, tik-tik, na Celestine alipofunua akakuta vidole gumba vya mwanawe vinakwenda juu na chini juu ya kitu kisichokuwepo, haraka, kwa mazoea, kama vidole vya mtu aliyefanya kazi hiyo miaka mingi.

"Oduor," alinong'ona. "Mtoto hanyonyi. Ananiangalia tu."

"Ametulia. Si ndiyo ulitaka?"

"Punguza sauti. Atasikia."

"Kichanga kitasikia nini?"

"Si kichanga ninachokiogopa. Hebu weka sikio hapa." Akamvuta kwa shati mpaka kifuani pa mtoto, na Oduor, aliyekuwa ameanza kucheka, akasikia pumzi ikiingia, na kabla haijamaliza kuingia akasikia nyingine ikitoka, nzito, yenye mkwaruzo, na hizo mbili zikaendelea hivyo bila kukutana, ile ndogo ikizidi kuwa ndogo, na ile nzito ikipanda juu yake na kukaa, na harufu ya waya ikamjia usoni pamoja na uvuguvugu uleule aliousikia kwenye padi siku ya kwanza. Akatoka nje haraka. Unadhani alienda kutafuta msaada? Alienda kununua rolex, ile chapati ya kukunjiwa mayai, akala amesimama.

Msaada aliuleta Celestine. Alikuja na Nabilah kutoka Kisenyi, mwanamke aliyewasomea dua watu wenye majini, na wakafika mchana, umeme umekatika Katwe nzima, nyundo za mafundi zikigonga kila upande. Kwenye kibanda cha mbele mashine ilikuwa ikivuma peke yake, taa yake nyekundu inawaka. Nabilah aliitazama, hakuigusa. Akapita nyuma, akaweka sikio kifuani pa mtoto, na uso wake ukabadilika.

"Hapa iko watu mbili," alisema polepole. "Moja mudogo, amechoka. Ingine mukubwa, anamaliza pumzi ya mwenzake. Leo, kesho, mudogo anaisha."

"Mtoe!" Celestine akasema. "Mtoe, nakuomba."

"Nnyabo, mimi siwezi kutoa mutu amepewa jina. Alikaribishwa. Kama mutoto alinyamaza mwenyewe, basi hii ni babu, tumuache. Lakini kama kuna mutu aliweka mukono, aseme hapa, mbele ya huyu mama muzee aliita jina. Akisema, jina inarudi, na hii inatoka sasa hivi. Neno moja tu."

Guerschom alikuwa amesimama mlangoni. "Oduor," alisema, "sema ile kintu."

"Kitu gani?" Celestine akauliza. "Oduor, kitu gani?"

"Si wewe," Nabilah akamwambia Guerschom. "Yeye."

Wote wakamgeukia. Neno moja. Mwanawe alikuwa pale, midomo imeanza kuwa na rangi ya majivu, na neno lenyewe lilikuwa mdomoni kwake tayari, alihitaji kulitema tu. Lakini alimtazama Shangazi Perpetua, akaona jinsi Ahero nzima itakavyocheka, Profesa aliyemdanganya shangazi yake mbele ya wafu kwa mchezo wa watoto. Na tena, masikini, alikuwa bado anaamini kwamba kila gemu ina msimbo wa kurudi nyuma, na kwamba jioni, watu wakiondoka, atakaa na kuutafuta kimyakimya, hakuna atakayejua.

"Guerschom amelewa," akasema. "Mimi sijafanya kitu. Ni baba yangu amekuja."

Nabilah alifumba macho.

Shangazi Perpetua alimwamini, maana alimlea. Alifuta machozi kwa kona ya kanga, akamnyanyua mtoto kwa mikono miwili. "Mtoto wa kaka yangu hawezi kunidanganya kwa jambo kama hili," alisema. "Basi wewe ni Ondiek. Karibu nyumbani."

Pumzi mbili zikawa moja, ile nzito.

Celestine alikuwa bado anauliza ni kitu gani, jamani, ni kitu gani, na Nabilah alikuwa ameshaanza kufunga ushungi wake aondoke bila kumwangalia mtu, mtoto alipogeuza shingo ambayo ilikuwa haijakomaa hata kushika kichwa, akamtafuta Oduor kwa macho mpaka akampata, na kwa sauti ya mwanaume mzima, tulivu, yenye adabu zote, akasema, "Asante, baba."